Waifai Si Bando: Vile Utageuza Lapi Mzee Kuwa Seva ya Muvi na Ngoma, Kutoka Kondele Mpaka Port Victoria

Swali moja tu la ukweli: ile bando ulinunua wiki iliyopita ilienda wapi?

Kama uko kama vijana wengi wa Kisumu, nusu yake ilienda kwa vitu ulikuwa umeshaona. Ni ile ohangla moja unachezanga kila asubuhi ukioga, au ile video ya harusi ya sista yako, kila mgeni akija lazima aonyeshwe. Kila ukibonyeza hapo kwa simu, simu inatoka mbio inaenda kuichukua mbali kabisa, alafu wewe unalipa nauli. Kesho ukiitaka tena, nauli tena. Kitu ni ile ile.

Kuna njia ingine, na si mambo ya masonko wa Milimani pekee. Inaitwa seva ya nyumbani. Maana yake ni kompyuta moja imekaa kwa keja, imebeba ngoma zako zote na video zako zote, na simu, TV na lapi zingine zote zinachota kutoka kwake. Hakuna bando inakatwa na hakuna mtu unalipa kila mwezi. Ile lapi yako yenye kioo kilipasuka, umeiweka juu ya kabati tangu uache campo, hiyo inatosha.

Twende polepole.

Waifai na intaneti si kitu kimoja

Ukishika hii sehemu, hiyo ingine yote ni maji tu.

Fikiria rauta ni stage ya boda pale Kondele. Boda akibeba mzigo kutoka Kondele akupelekee Manyatta, hajaguza barabara ya Nairobi. Amezunguka hapa hapa mtaani. Lakini ukitaka mzigo utoke Nairobi, lazima uingie barabara kuu, na huko ndiko kuna nauli.

Waifai ni hao maboda wa mtaani. Intaneti ni barabara kuu. Bando inakatwanga mzigo ukiingia barabara kuu pekee. Simu yako ikichukua muvi kutoka kwa lapi iko hapo kwa meza, mzigo umetoka kwa lapi, ukapita kwa rauta, ukafika kwa simu. Haujaenda Nairobi, na haujaenda Marekani. Bando yako haijui hata kama kuna kitu kimefanyika.

Ukitaka kuhakikisha, ng'oa kabisa ile kebo inaleta intaneti kwa rauta. Simu itaandika hakuna intaneti, lakini bado itakuwa imeshika waifai, na muvi itaendelea kucheza vile ilikuwa.

Hii ndiyo maana rauta yoyote inafanya kazi, hata ile ya kampuni ulihama ukaacha kulipa. Na kama huna rauta kabisa, kwa simu nyingi za Android unaeza zima data, uwashe hotispoti, lapi na simu zingine zishike hapo, na mambo yaende.

Kuna kitu kimoja cha kuchunga. Zile waifai za mtaa unalipa mbao kwa saa mara nyingi zimefungwa kwa njia ambayo vifaa haviwezi kuonana. Seva yako ikiwa hapo ndani, simu yako haitaiona. Tafuta rauta yako mwenyewe.

Mbona nijisumbue na YouTube iko?

Tupige hesabu. Muziki wa kustrimu kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde unakula kama MB 72 kwa saa. Ukicheza masaa matatu kwa siku, hiyo ni MB 216. Mwezi ukiisha umechoma karibu GB 6.5, na ni sauti tupu. Ukicheza kwa YouTube na picha juu, inapanda zaidi. Video ndiyo noma kabisa: Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, na HD inaeza fika GB 3.

Sasa weka kwa pesa. Kama unanunua bando ya soo mbili kila wiki, kwa mwaka hiyo ni shilingi 10,400. Hebu jiulize ni ngapi hapo ilienda kwa kurudia vitu.

Lakini doo ni nusu ya story. Nusu ingine ni kwamba kitu kikikaa kwa mwenyewe, mwenyewe ndiye anaamua. Mnakumbuka Netflix ya bure? Ilikuja Kenya Septemba 2021, wasee wakasherehekea, na Novemba 2023 ikazimwa. Ukiwa huna ya kulipa, ukabaki unaangalia ukuta. Na hiyo ni ndogo. Mwaka wa 2019 MySpace walikubali kwamba walipoteza ngoma zilizowekwa huko kati ya 2003 na 2015 wakihamisha seva. Zilikuwa zaidi ya milioni 50. Kuna wasanii nakala yao ya pekee ilikuwa huko, na imeenda hivyo.

Alafu kuna vitu havijawahi kufika mtandaoni hata siku moja. Video ya matanga ya dani, vile wamama waliimba usiku kucha. Kaseti za mzae za benga. Sauti ya buda yako akiongea kwa harusi 2009. Hizo ziko wapi saa hii? Kwa mengi ya maboma huku kwetu ziko kwa flashi moja, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, ndani ya Biblia. Flashi ikifa leo, hakuna kampuni ya kupigia simu.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujenga seva. Kuokoa bando ni nyongeza.

Vitu unahitaji

Lapi ya zamani. RAM ya GB 4 inatosha kuanza. Kama unaenda kununua ex-UK pale tao, angalia prosesa. Intel Core kuanzia kizazi cha 7 kwenda juu inaeza fungua video za kisasa za HEVC bila kutoa jasho. Kioo kikiwa kimepasuka au kibodi ikiwa imekufa, poa tu, utabisha bei ishuke. Ingia na kebo ya HDMI na maus ya USB ujipimie hapo hapo kabla utoe ganji.

Mbona lapi na si kompyuta ya meza? Sababu ni stima ya Kisumu. Lapi iko na bateri yake. Stima ikipotea dakika kumi, seva haizimiki na mafaili hayaharibiki.

Diski ya nje, tuseme TB 1. Muvi ya GB moja moja, hiyo ni kama muvi elfu moja. Ngoma ya dakika nne ya MP3 safi ni kama MB 10, kwa hivyo ni ngoma laki moja. Chukua ile ndogo inakula stima kutoka kwa USB ya lapi yenyewe. Ile kubwa ya kuchomekwa kwa soketi itakufa stima ikienda, hata kama lapi bado iko hai.

Rauta na kebo ya mtandao. Seva iunganishe kwa rauta na kebo, usitumie waifai. Ukitumia waifai, kila muvi inapita hewani mara mbili: kutoka lapi kwenda rauta, alafu rauta kwenda simu. Kebo inapunguza hiyo msongamano.

Raspberry Pi je? Hiyo kompyuta ndogo ya Uingereza ilitoka 2012 na inakula stima kidogo sana, wati chache tu. Kwa muziki iko fiti. Kwa video itakubali tu kama TV yako inaeza cheza faili vile ilivyo. Ikiambiwa ibadilishe, inalala.

Kuweka programu

Programu zinajulikana ni mbili, Plex na Jellyfin. Plex inang'aa, lakini inataka akaunti yao ya mtandaoni, na kuangalia vitu vyako ukiwa mbali na nyumbani walianza kulipisha 2025. Jellyfin ni ya bure kabisa. Ilizaliwa Desemba 2018, wakati programu ingine inaitwa Emby iliamua kufunga msimbo wake. Wasee wengine walichukua ule wa zamani uliokuwa wazi wakaendelea nao. Haiulizi kadi, na haihitaji intaneti ndio uingie. Kwa mtu wa bando, chaguo liko wazi.

Fanya hivi:

1. Danlodi Jellyfin kwa lapi yako. Iko ya Windows na ya Linux. Hapa utatumia bando kidogo, kwa hivyo tafuta waifai ya rafiki.

2. Ikishaingia, fungua brauza kwa hiyo lapi uandike localhost:8096. Chagua lugha, tengeneza jina na paswadi ya mkubwa wa seva. Paswadi iwe ya maana, si 1234.

3. Tengeneza folda kwa diski: Muvi, Vipindi, Muziki, Familia. Familia ndiyo ya harusi na matanga. Rudi Jellyfin uonyeshe kila folda iko wapi. Itazipanga yenyewe, na kwa muvi itatafuta mpaka picha za jalada kama iko na intaneti.

4. Windows ikiuliza kama inaruhusu Jellyfin iongee kwa mtandao, kubali kwa mtandao wa nyumbani pekee. Wengi wanabonyeza hapana bila kusoma, alafu wanashinda wakiuliza mbona simu haioni.

5. Kwa mipangilio ya stima ya lapi, weka ukifunga kifuniko isilale. Seva ikilala, kila mtu kwa nyumba atakuja kukugongea.

6. Ingia kwa rauta uipatie lapi anwani moja ya kudumu, tuseme 192.168.1.50. Bila hiyo, siku ingine rauta itaipatia namba tofauti na kila simu itapotea.

7. Kwa simu, shika waifai ya hiyo rauta, fungua brauza uandike http://192.168.1.50:8096, ama uweke apu ya Jellyfin. Android TV iko na apu yake, na LG pia. Kwa muziki pekee jaribu Finamp: inachota ngoma za seva, na unaeza zihifadhi kwa simu uzisikize ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Maseno.

Umemaliza. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Majina ya mafaili ndiyo yanaangusha wengi

Seva haioni picha, inasoma majina. Faili ikiitwa "muvi poa final 2 kweli.mp4", itakuandikia ujinga. Panga hivi: folda ya jina la muvi na mwaka kwa mabano, faili ndani yake na jina hilo hilo. Kwa muziki: folda ya msanii, ndani yake folda ya albamu, ndani yake 01, 02, 03 na majina ya ngoma.

Kwa muvi za Hollywood, seva itajaza habari yenyewe. Kwa benga usitegemee. D.O. Misiani utamkuta ameandikwa kwa njia nne tofauti, na kila njia itakuwa msanii mpya kwa seva yako. Chagua tahajia moja ushikilie. Tumia programu ya bure inaitwa MusicBrainz Picard kuandika jina la msanii, bendi na mwaka ndani ya faili yenyewe. Mwaka usiojulikana uache wazi, usibuni.

Muvi inakwama kwama? Shida iko hapa

Kila video imefungwa kwa mtindo fulani. Ile inayokubalika karibu kila mahali inaitwa H.264. HEVC ni mpya, inabana faili iwe ndogo, lakini TV nyingi za zamani haziijui. TV isipojua, seva inalazimika kuitafsiri saa hiyo hiyo muvi ikiendelea. Hiyo kazi ni nzito. Lapi ya 2012 itaanza kupiga kelele ka posho mill, na picha itaganda.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, chukua faili za H.264 kutoka mwanzo. Ya pili, kama lapi iko na nguvu, ingia mipangilio ya Jellyfin uwashe msaada wa kadi ya picha, kwa Intel inaitwa Quick Sync. Lengo ni kila kifaa kicheze faili vile ilivyo. Hapo hata lapi mzee itahudumia simu tatu nne bila wasiwasi.

Kwa waifai pia, ile ya 2.4GHz inapenya ukuta vizuri lakini inabeba kidogo. Ya 5GHz inabeba sana lakini ukuta wa mawe unaichapa. TV iko chumba kimoja na rauta? Weka 5GHz. Simu ya brathe iko chumba cha nyuma? 2.4GHz.

Stima, radi, joto na wadudu

Lapi ya zamani ikifanya kazi pole pole inakulanga kama wati 20. Ukiiacha masaa 24, hiyo ni karibu nusu unit kwa siku, unit 14.4 kwa mwezi. Ukiiwasha kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku pekee, inashuka mpaka unit 3.6. Chukua risiti ya token yako ya mwisho upige hesabu. Na uchunge hii: kama unatumia chini ya unit 30 kwa mwezi uko kwa ile bendi ya bei rahisi. Unit 14 za ziada zinaeza kutoa hapo, na kila unit ipande bei. Kwa bedsita yenye bulb mbili na TV, zima seva ukilala.

Stima ikipotea, lapi itabaki hai lakini rauta itazima. Kuna UPS ndogo za rauta zinauzwa tao, saizi ya kitabu. Ukiwa nayo, blackout ya jioni itakukuta ukiendelea na kipindi kama hakuna kitu.

Radi usicheze nayo. Sisi wa huku ziwani tunajua vile mvua ya jioni inaanguka. Ukiona mawingu meusi yanatoka upande wa Nam Lolwe, ng'oa lapi na rauta kwa soketi kabisa. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Lapi itaendelea na bateri yake.

Joto: usiiweke kwa droo wala juu ya friji. Iinue kidogo hewa ipite chini. Wale wadudu wa ziwani wakikuja usiku kwa taa, wanaingia kwa feni na kuziba. Kila mwezi piga brashi. Na bateri ikianza kufura, itoe siku hiyo hiyo. Bateri iliyofura inaeza shika moto, na hakuna muvi inafaa keja iungue.

Kaseti za mzae: hapa ndipo kuna dhahabu

Kisumu na hii shore yote ni nyumbani kwa benga. Misiani alizaliwa Shirati kule Tanzania, akaongoza Shirati Jazz miaka mingi, na alifariki kwa ajali hapa Kisumu Mei 2006. Collela Mazee na Victoria Kings, Ochieng Kabaselleh, hizo ni sauti ambazo wazae wetu walinunua kwa sahani na kaseti. Watu wa Ketebul Music, Nairobi, walitoa mwaka wa 2008 mkusanyiko wa rekodi na kitabu kuhusu safari ya benga, unaitwa Retracing the Benga Rhythm. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini hakuna mradi utaingia kila boma kukusanya kila kaseti. Zile ziko kwa sanduku chini ya kitanda cha mzae ni zako kuokoa, na kaseti inaharibika hata kama hakuna mtu anaicheza. Unyevu wa ziwa haungoji.

Vitu unahitaji: redio ya kaseti inafanya kazi, waya wa aux, na kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingiza sauti, sababu lapi nyingi za sasa tundu lao ni la maiki pekee. Programu ni Audacity, ya bure.

Kwanza safisha kichwa cha redio na pamba yenye spiriti. Kama utepe umelegea, ukaze na penseli. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda kadi, anza na sauti ya chini, ipandishe polepole mpaka mistari ya Audacity iwe mikubwa bila kufika nyekundu. Ikifika nyekundu sauti imekatika na hairudi. Alafu bonyeza kurekodi na uache upande mzima uishe. Kaseti ya C90 ni dakika 45 kila upande, hakuna njia ya mkato.

Hifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu. C90 nzima inaingia chini ya GB moja. Ukitaka ya simu, toa nakala za MP3 baadaye. Na mzae mwenyewe akae hapo karibu ukirekodi. Yeye ndiye anajua hiyo ngoma iliimbiwa nani, na hilo jina halijaandikwa kwa jalada popote. Muulize, uandike.

Nakala mbili, nyumba mbili

Diski zote hufa. Swali ni siku gani. Muvi zikipotea utazipata tena, ila matanga ya dani huwezi irudia. Kwa hivyo folda ya Familia na ya Kaseti lazima ziwe na nakala ya pili kwa diski ingine, na hiyo diski isikae nyumba moja na ya kwanza. Mwizi akiingia Nyalenda usiku atabeba lapi na diski pamoja. Peleka nakala kwa aunty Migosi, ama ushago.

Tukitaja ushago, hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Chukua Port Victoria, kule Busia, ama Usenge, ama Mbita. Neti ikiwa mbaya huko, seva haijali, sababu haihitaji neti. Unajaza diski Kisumu, unaibeba kwa mfuko. Tuseme matatu inachukua masaa matatu mpaka Port Victoria. Diski ya TB 1 ndani ya masaa matatu ni kama mwendo wa megabiti 740 kwa sekunde. Jaribu kutafuta mtu yeyote kwa hiyo barabara ako na intaneti ya kasi hiyo. Matatu imeshinda.

Ukipanga diski ya kubeba, ipange kwa mfumo wa exFAT. Ule wa zamani wa FAT32 haukubali faili moja ipite GB 4, na video ya harusi itagoma. Kunakili GB 100 kwa USB 2 itachukua kama saa nzima, kwa hivyo usianze matatu ikipiga honi.

Sheria na majirani

Tusijifanye. Wengi wenu diski ziko na muvi za duka la mtaa, zile za kuwekewa kwa flashi. Kenya iko na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na KECOBO ndio wanaisimamia. Seva yako haibadilishi hiyo sheria. Kitu kitakuletea ngori haraka ni kuanza kulipisha: ukiambia plot nzima ilete finje kila wiki waangalie, hiyo imekuwa biashara juu ya kazi ya mtu mwingine. Ngoma za wasanii wa hapa, nunua. Ohangla haitaendelea kama sisi ndio tunaila njaa.

Na kuna vitu vingi vya halali. CD na DVD zako orijino. Podikasti. Rekodi za kwaya yenu, kama kwaya imekubali. Filamu za zamani ambazo hakimiliki imeisha ziko kwa Internet Archive. Filamu za katuni za Blender kama Big Buck Bunny ya 2008 zinaruhusiwa kusambazwa bure, na watoi wa plot watazipenda.

Jirani akitaka kuingia, mtengenezee akaunti yake, aone folda unataka aone. Ya Familia iwe ya familia. Na usifungulie seva kwa intaneti nzima ndio uangalie ukiwa kazini. Kuna watu kazi yao ni kutafuta milango wazi. Kama lazima uifikie ukiwa mbali, tumia njia iliyofungwa kama Tailscale ama WireGuard, na ujue hapo bando itaanza kukatwa, sababu umeingia barabara kuu.

Anza wapi?

Usingoje ununue kila kitu. Wikendi hii fanya moja tu: tafuta ile flashi iko ndani ya Biblia, uinakili kwa lapi mara mbili, sehemu mbili. Jumapili ukipita soko la Kibuye, uliza redio ya kaseti ya mtumba, na uipime na kaseti kabla ulipe. Seva utaijenga wiki ijayo.

Na ukienda ushago, usimtumie mzae ujumbe eti akuletee kaseti zake. Nenda ukae naye, umchezee ya kwanza umeshaokoa, kwa spika, aisikie vile iko safi. Hizo zingine atazitoa mwenyewe.